Boishakh ya Jumatatu, Boishakh ya Jumanne

Bhelapukur, Panchagarh
18 Januari 2003

Mdogo wangu Hemlata,

Pokea baraka zangu, wewe, mumeo Dhiren na mwanao Tapan. Sisi huku hatujambo, isipokuwa ukungu, ambao mwaka huu umetushukia kama blanketi lililolowa. Jua tunaliona saa sita, na saa tisa limeshaaga. Ng'ombe mweusi amezaa ndama dume, na Malati amenuna kwa sababu alitaka jike. Ukimsikia anavyomsema yule ng'ombe utadhani ni mke mwenzake. Mimi tangu nistaafu ualimu nawafundisha watoto wa jirani hapa barazani. Wanakuja wengi. Malati anasema wanafuata bisi za mchele anazowagawia, wala si hesabu zangu.

Mama amepungua kidogo. Macho yake sasa yanatenganisha mwanga na giza, basi.

Nije kwenye neno lenyewe. Wiki iliyopita mwenyekiti wa halmashauri yetu alipitisha tangazo kwamba siku ya kwanza ya Boishakh, mwaka wetu mpya ukianza, askari wa pande zote mbili watawaruhusu watu kusogea mpaka kwenye ule waya wa miba unaozigawa nchi zetu, tangu asubuhi hadi saa sita mchana, waonane na jamaa zao. Hakuna hati ya kusafiria, hakuna viza, vitu ambavyo mimi na wewe tumevitafuta mpaka soli zimeisha. Waya utabaki palepale, lakini vidole vinapita.

Nilipomwambia Mama, akasema, "Nitamshika mkono. Nitazisikia bangili zake."

Unajua anachokisema. Kila mwaka mpya, ulipoinama kumgusa miguu, alikushika vifundo vya mikono na kuzigonganisha zile bangili nyeupe za kombe la bahari ambazo mke huzivaa maadamu mumewe yu hai, akakuombea zisivunjike. Tangu waya uwekwe hajazigusa. Husema mwaka ulioanza bila kumbariki binti yake ni chungu kisicho na kifuniko, kila mdudu anaingia. Sasa hana ombi jingine. Hadai dawa, hadai chakula, anaidai siku hiyo.

Basi njoo, na umlete Dhiren. Mama ndiye aliyemchagua, baba alipomkataa kwa sababu ya masikio yake makubwa, na hadi leo anajisifia jicho lake. Simameni chini ya ule msufi mkubwa wa upande wenu. Mimi nitainua kitambaa chekundu kwenye ncha ya mwanzi. Siku ya kwanza ya Boishakh, asubuhi. Nijibu upesi, maana barua zetu hutembea kwa magongo. Kutoka kwangu hadi kwako ni safari ya baiskeli ya nusu siku, lakini posta huzipeleka kwanza Dhaka, zikavuka hadi Kolkata, ndipo zipande tena kaskazini kwetu.

Kaka yako,
Nikunja


Kantarbari, Jalpaiguri
15 Februari 2003

Kaka yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Kwa kuwa waya hauniruhusu kuishika miguu yako, naishika hapa kwenye karatasi, na miguu ya Mama naishika mara mbili. Msalimu wifi Malati, mwambie ndama dume naye ana faida: hatamjibu kama mimi nilivyokuwa namjibu.

Huku baridi imeanza kulegea. Tapan amepata kazi ya kudumu kwenye kiwanda cha majani ya chai. Anarudi jioni ananukia chai mpaka paka anamkimbia. Paa la jiko tumeliezeka upya. Viazi vimezaa vizuri, ila bei imeanguka.

Nitakuja, Kaka. Hata kama mvua ya mawe itanyesha, nitakuwa chini ya msufi siku hiyo. Tapan atanisindikiza. Kuhusu Dhiren siwezi kukuahidi.

Lakini nami nina swali. Wewe ni mtu ambaye akiombwa chumvi huanza na habari za bahari. Umenieleza ukungu, ndama, posta na njia zake zote, halafu Mama umemmaliza kwa mstari mmoja. "Amepungua kidogo." Kidogo kiasi gani? Anatembea? Anakula? Usinifiche, mimi si mwanafunzi wako wa darasa la pili.

Nakuombea afya,
Hemu


Bhelapukur
10 Machi 2003

Mpendwa Hemu,

Barua yako imefika juzi, imekunjwa kama jani la tambuu. Tumefurahi kwa habari ya Tapan. Malati amesema paka wako umlete huku, kwetu kuna panya wasiojali harufu ya chai.

Umenikamata. Mama hajasimama tangu katikati ya baridi. Anakula maji ya wali, vijiko vichache, na hivyo kwa kubembelezwa. Daktari alikuja, akamsikiliza kifua, akanitoa nje ya mlango kabla ya kuzungumza. Niliporudi ndani Mama akaniuliza, "Amesema nini huyo mtoto?" Nikamwambia amesema upumzike. Akacheka. "Kifo mwambie akae kwanza barazani anywe chai. Mimi nina mgeni Boishakh."

Sasa unajua kwa nini siku hii haina nyingine. Sidhani atafika Boishakh ya pili.

Na wewe nikuulize. Barua zako zote huwa na mistari miwili ya Dhiren chini, akiilalamikia bei ya mbolea na kuutania upara wangu. Safari hii chini ya karatasi pako peupe. Umenijibu habari za mwana, paa, viazi na paka; mume umempitia kama mtu anayeruka dimbwi. Je, mmegombana? Kama ni hivyo, umalizeni ugomvi kabla Choitro, mwezi wa kuufunga mwaka, haijaisha. Ndoa ni kama shamba la mpunga, maji yakizidi hufunguliwa njia, hayapigwi kwa jembe. Na kanuni ya Mama unaijua: unalolifanya siku ya kwanza utalifanya mwaka mzima. Anayelia siku hiyo atalia mpaka Choitro nyingine. Anayegombana atagombana. Anayesema uongo, mwaka mzima ulimi wake hautanyooka. Unakumbuka ulivyokanyaga mwiba asubuhi ya mwaka mpya, Mama akakuziba mdomo kwa kashata ya nazi ili usilie? Ulitafuna huku machozi yamejaa, hata moja halikudondoka.

Mlete Dhiren, hata kama amekununia. Mama ameagiza jozi mpya ya bangili za kombe, tutazipitisha kwenye waya. Anataka kukuvisha mwenyewe.

Kaka yako,
Nikunja


Kantarbari
27 Machi 2003

Kaka mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Joto limeanza, na misufi imemwaga maua mekundu barabara nzima.

Hatujagombana, mimi na Dhiren. Hilo naweza kuapa mbele ya moto. Ila hatakuja. Usinihimize zaidi.

Mwambie Mama asijichoshe kuitafuta mikono yangu, waya una miba na ngozi yake ni nyepesi. Sauti itatosha. Bangili mpya asizinunue.

Safari tumeipanga. Jumatatu mchana nitapika majani ya mwarobaini na bilinganya, tuufunge mwaka kwa uchungu wake kama ilivyo desturi. Jioni tutaondoka, tulale kwa rafiki wa Tapan aliye karibu na waya. Jumanne Boishakh ikipambazuka, utatukuta chini ya msufi tumeshafika.

Mwambie Mama anisubiri. Mwambie hivyo kila siku, Kaka, hata akikuambia amesikia.

Hemu


Bhelapukur
12 Aprili 2003

Hemu,

Salamu nitakulipa siku nyingine. Ni Jumatatu. Siyo Jumanne. Jumatatu!

Barua yako imenifikia leo Jumamosi, na nilipofika penye neno "Jumanne" nikatoka mbio kwenda mjini. Hii ninayoandika haitakufikia kwa wakati, najua. Naiandika kwa sababu mikono yangu haijui kazi nyingine.

Serikali yetu ilirekebisha kalenda, ikaipigilia Boishakh msumari kwenye tarehe kumi na nne Aprili. Huko kwenu, na hata jikoni kwetu sisi Wahindu wa upande huu, bado tunafuata kalenda ya makuhani, inayolifuata jua lenyewe. Miaka mingine kalenda hizo mbili hukutana. Mwaka huu zimepishana, ya makuhani imeangukia kumi na tano. Jambo hili nimelifundisha ubaoni maisha yangu yote! Lakini tangazo lilikuwa la serikali, nami nikalinakili kama lilivyo: siku ya kwanza ya Boishakh. Mimi niliandika kama mwalimu wa shule. Wewe ulisoma kama mtoto wa nyumba hii. Nilikueleza kila kitu isipokuwa hicho.

Nimetoka mjini sasa hivi, kwenye kibanda cha simu. Niliipata namba ya duka la dawa la sokoni kwenu. Kijana akapokea kwa kupiga kelele, nyuma yake watu wanagombania bidhaa.

"Sema haraka mzee, leo punguzo la Choitro, duka limejaa!"

"Nipelekee ujumbe Kantarbari. Kwa Hemlata, mke wa Dhiren Singha. Mwambie Jumatatu!"

"Mke wa nani?"

"Dhiren! Mwenye masikio makubwa!"

Akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ambayo haikufanana na ya mwanzo, "Mzee, kwani wewe ni nani wake?" Nikamwambia ni shemeji yake, ni kaka wa mkewe, na hapo simu ikakatika. Nilipiga tena mpaka mwenye kibanda akanionea huruma. Haikupokelewa.

Sijui kama alisikia siku. Sijui kwa nini alinyamaza. Mama sijamwambia neno. Amelala, ameziweka zile bangili mpya chini ya mto.

Nikunja


Bhelapukur
16 Aprili 2003

Mdogo wangu Hemu,

Baraka za mwaka mpya zikufikie. Malati anakusalimu. Ndama anakua. Nimeanza na salamu kwa sababu nikianza na jingine kalamu itasimama.

Jumatatu alfajiri tulimlaza Mama kwenye baiskeli ya mizigo, ile ya magurudumu matatu, juu ya godoro. Kabla hatujatoka Malati alimlisha kijiko cha mwarobaini, maana jikoni kwake ilikuwa bado siku ya mwisho ya Choitro, nami sikuwa na moyo wa kubishana. Kwenye waya watu walikuwa wengi kuliko mnadani. Wanaita majina, wanarusha mafurushi ya vitamu juu ya miba, wanashikana vidole. Mzee mmoja alikuwa anamgombeza mdogo wake wa upande wa pili, "Umezeeka vibaya wewe, unakula nini huko?" na wote wawili wanacheka na machozi yanawatoka. Mimi nikauinua mwanzi wangu wenye kitambaa chekundu.

Chini ya msufi palikuwa na watu wengi. Hukuwepo.

Jua likapanda. Mikono ikaniuma, nikabadilishana na Malati. Saa sita askari wakapiga filimbi, watu wakaanza kurudi nyuma wakiwa bado wanapungiana, na uwanja ukabaki na maganda ya ndizi na ndala za watoto. Hapo, Hemu, nililia. Mzee mzima mwenye upara, siku ya kwanza ya mwaka, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani.

Mama akasema, "Nani huyo? Nikunja? Unalilia nini?"

"Hakuja, Mama."

"Angekujaje? Leo si Boishakh. Asubuhi nimekula mwarobaini, ulimi wangu bado mchungu. Hemu ni mwanangu, siku anaijua. Atakuja kesho." Kisha akanipapasa uso. "Lia leo, ulimalize. Kesho marufuku."

Nikamweleza kwamba kesho waya umefungwa. Akasema yeye hakuolewa na askari. Jana asubuhi, Jumanne, tukamlaza tena kwenye baiskeli. Alikuwa mwepesi kuliko juzi, niliogopa kumtazama.

Kijana wa zamu alitusimamisha mbali, penye nguzo ya mpaka, uwanja mzima wa mpunga kabla ya waya. Ni mtu wa kusini, wa Barishal, ana adabu.

"Mwalimu, ilikuwa jana. Leo sina ruhusa."

"Kwa hesabu ya mama yangu ni leo, mwanangu."

"Sasa mwalimu unataka nifuate hesabu ya bibi au ya serikali?"

Mama akajibu toka godoroni, "Ya bibi. Serikali haijawahi kukunyonyesha."

Kijana akageuza uso, nadhani alikuwa anacheka. Akasema tusiivuke nguzo, na yeye atakwenda kukagua upande wa mferejini.

Nikauinua mwanzi. Na chini ya msufi, Hemu, ulikuwepo. Tapan amekushika bega. Nilikujua kwa namna unavyosimama na mguu mmoja nje. Ulikuwa mbali, lakini macho yangu ya mbali bado ni mazima. Nikaona sari. Nyeupe. Nyeupe tupu, toka kichwani hadi chini, nguo ya mjane. Na ulipoinua mkono kutupungia, mkono ulikuwa mtupu.

Ndipo nikamwelewa yule kijana wa duka la dawa. Nikaielewa sehemu nyeupe chini ya barua yako. Nami nikakuhubiria habari za mashamba ya mpunga!

Mama akaniuliza, "Yupo?"

"Yupo, Mama."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Amevaa nini?"

Hemu, unanijua. Sijawahi kumdanganya mama yetu, hata kwa jambo la embe la kuiba. Na ilikuwa asubuhi ya kwanza ya mwaka wake, ambayo anayesema uongo hunasa mwaka mzima. Nilimtazama, kichwa amekiinua kidogo toka kwenye mto wake, anausubiri ulimi wangu.

Nikasema, "Sari nyeupe, Mama. Ya Boishakh. Ina upindo mwekundu."

Niliongeza upindo tu.

Akalaza kichwa. Akavuta pumzi, akakuita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo, akakubariki. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwenu. Sijui kama ulisikia alichosema. Jana jioni alikunywa uji bakuli zima. Kisha akazitoa bangili chini ya mto, akanipa. "Ni ndogo kwa Hemu hizi. Ziweke, atavaa mke wa Tapan." Hazikuwa ndogo. Malati alizipima.

Niambie lilitokea lini. Niambie yote. Mwaka umeanza nikiwa mwongo, na nisipojua ukweli nitakosea hata uongo wenyewe.

Nikunja


Kantarbari
6 Mei 2003

Kaka yangu,

Shikamoo. Tapan mzima, nami mzima kiasi cha kuandika. Mbolea imepanda bei tena. Naliandika hili mimi, kwa kuwa mwenye kuliandika hayupo.

Dhiren alifariki mwezi wa kumi na moja, wiki ya mavuno. Aliweka mundu chini, akasema anaketi kidogo. Hakuinuka. Nilikuandikia barua mara kadhaa nikazichana. Niliwaza: Mama amebakiwa na kitu kimoja cha kujisifia, nani ataingia kwake na kukivunja? Kijana wa duka alikuja usiku wa Jumamosi kunieleza kwamba kaka yangu amepiga simu na hajui kwamba shemeji yake amekufa. Alilia yeye kuliko mimi. Siku hakuitaja kabisa, aliisahau kwa mshtuko.

Nami nilikuwa na uongo wangu tayari. Niliazima bangili za jirani, nizivae asubuhi ile tu ili Mama azisikie. Kama ningekuja Jumatatu, angenishika mikono, na ningekuwa nimemdanganya ngozi kwa ngozi. Jumanne zilikuwa kwenye mfuko wa Tapan. Nilipowaona mko mbali, nilijua hazitagusika, na nikashindwa kuzivaa. Siku ya kwanza, Kaka. Sikutaka kuvaa uongo mwaka mzima.

Upepo ulikuja kwetu. Nilimsikia. Unakumbuka baraka yake, ile ya kila mwaka, bangili zako zisivunjike? Safari hii hakuitaja bangili hata moja. Aliita, "Ishi, Hemu! Ishi mwanangu!" Basi. Mwalimu mzima, na unadhani mwanamke yule hakujua? Aliupokea upindo wako kama mtu anavyopokea kashata asiyoitaka, ili aliyeitoa asilie.

Kwa hiyo usijisumbue kwamba mwaka umekuharibikia. Kilio chako cha Jumatatu kihesabu kwa kalenda ya Mama: kilikwenda na Choitro, ni cha mwaka jana. Na uongo wako wa Jumanne uhesabu kwa kalenda ya serikali: ulikuwa wa siku ya pili, haunasi mtu. Kalenda mbili hizi zimetunyang'anya siku moja, acha zitulipe hiyo.

Nimemwendea kuhani wetu, anayejua kuzihesabu kalenda za miaka ya mbele. Amechora kwa kidole mchangani, amenihakikishia. Mwakani siku hizo mbili zinakutana, kumi na nne Aprili kwenu na kwetu. Ni Jumatano. Nimeiandika kubwa ili usome bila miwani: JUMATANO.

Mwambie Mama. Mwambie kifo aongezwe chai huko barazani. Nitakuja asubuhi na mapema, nitausogeza mkono wangu mpaka kwenye waya, mtupu kama ulivyo, nimwachie aushike.

Hemu wenu